Njia ya Bondeni, kwa Kupanda

Mwezi uliopita nilirudi Mkunya, simu nimeifunga kifuani kwa mkanda. Ni kazi ya kujitolea tu, ndugu yangu: unatembea, simu inapiga picha kila baada ya hatua chache, kisha unazipandisha kwenye ramani ya mtandaoni, na mtu aliye mbali anatembea kijijini kwenu kwa kidole. Nilishapiga barabara, soko na mikorosho. Bibi yangu akaniomba njia ya bondeni, ile ya kisimani. Magoti yake hayashuki tena, na tangu bomba lije, ingawa hutoa maji likijisikia, majani yanaimeza njia ile. Alitaka aione kabla haijapotea.

Nikateremka nikipiga picha hadi kisimani. Jioni nikampa simu. Akapitisha kidole picha ya kwanza, ya kumi, ya ishirini, akanirudishia.

"Mke mwenzangu," akaniita kwa utani wetu wa siku zote, "hapa ni wapi?"

Iliniuma, sikufichi. Nikadhani kumbukumbu imeanza kumtoka.

Nilipolala ndipo nikakumbuka. Kumbe utotoni mimi na Bibi tulishuka gizani, kabla ya adhana, tuwahi foleni! Njia ya kushuka tuliijua kwa nyayo: umande, mchanga wa baridi, kikohozi cha jirani aliyetutangulia. Mwanga ulitukuta tunapanda, ndoo kichwani, kata ya kanga chini yake imelowa, shingo imekaza. Kule juu Bibi alifungua pindo la kanga, akatoa mhogo wa kuchemsha na korosho za kuchoma. Utamu ule, jamani! Sijaupata tena popote.

Asubuhi nikashuka tena, safari hii simu nikaiwasha wakati wa kupanda.

"Eee!" Bibi akajipiga paja. "Si jiwe letu la kutulia ndoo hili? Na mzizi huu ndio uliokuangusha, maji yote chini. Nikakupa ndoo yangu, nikamwambia mama yako nimejikwaa mimi."

Mimi nilikuwa nimesahau kabisa. Na yeye ndiye niliyemdhania amesahau.

Kisima sasa ni matope, jirani wa kikohozi tumeshamzika, na watoto wa leo hawajui kufunga kata. Shingo zao zimepona, nashukuru. Picha za kushuka nimezifuta, nimepandisha za kupanda.

"Asante, Bibi," nikasema, nimechelewa miaka mingi.

Kidole chake kilikuwa kimeshafika juu, mwisho wa njia. Akaninyooshea kiganja.

"Haya, tumefika. Leo zamu yako. Mhogo uko wapi?"