Nilimlisha Seneta Maneno

Ijumaa ilikuwa siku yetu ya mapumziko, na katika chumba chetu cha mtaa wa Karama, Dubai, Ijumaa ilikuwa sinema. Watanzania wawili niliokaa nao, fundi rangi na msafishaji wa maofisi, walizoea zile za kwao ambazo mtu anaongea juu ya picha na kutafsiri kila kitu. Kiingereza kitupu kiliwapita. Basi kazi nikapewa mimi, Mkenya, mlinzi wa jengo. "Kaka, tafsiri bwana, tunatazama midomo tu hapa!"

Nilipenda sinema za Kimarekani kuhusu vigogo: magavana, maseneta, watu wa kupigiwa makofi nje na kununiwa nyumbani. Nilikuwa na sababu. Baba yangu alikuwa chifu. Barazani aliweza kuhutubia saa nzima bila karatasi, lakini nikipiga simu kutoka Dubai alikuwa na sentensi moja: "Ngoja nimpe mama yako." Miaka minne, hiyo hiyo. Mama naye alianza na swali lake, umekula? Namwambia nimekula, hata kama sijala. Yule mzee nilimchukia kwa ile sentensi, nakiri.

Kisha mama akafa. Msimamizi akaniambia ratiba imejaa, khalas, hakuna ruhusa. Mama akazikwa huku mimi nimesimama mlangoni nawafungulia watu wasionijua. Ndugu zangu walinitumia ujumbe, nikajibu. Baba sikumpigia. Ningemwambia nini, na yule wa kupewa simu hayupo? Miezi mitano ikapita, na kila Ijumaa nilijiapia kwamba leo nitapiga.

Ijumaa moja tukawa na sinema ya seneta aliyekosana na mwanawe. Kijana anapiga simu, seneta anapokea, anakohoa, anasema ana mkutano, anakata. Basi. Mimi nikafungua mdomo, na yaliyotoka sijui yalitoka wapi: "Mwanangu, nimekukosea. Sikujua kuongea na wewe. Rudi nyumbani, nimekukumbuka."

Fundi rangi akafuta macho kwa shati. "Lo! Mzee kajishusha, jamani!"

Mganda mmoja, aliyehamia kitanda cha juu wiki hiyo hiyo, akaangua kicheko. "Wewe! Huyo mzee amesema ana mkutano tu! Hayo mengine umeyatoa wapi?"

Nikawaka. Nikamwambia kama Kiingereza anakijua sana, atafsiri yeye. Nikavaa viatu, nikatoka nikiwa na aibu ya mtu aliyeshikwa akiiba.

Nilisimama nyuma ya mkahawa wa jirani, kwenye joto la saa tisa alasiri, nikapiga kabla sijabadili nia. Ikaita mara moja tu.

"Baba, ni mimi."

"Ee. Habari ya huko?"

"Nzuri."

"Kazi?"

"Iko."

Tukaishiwa hapo. Nilimsikia akikohoa, kisha akasema upesi, kwa mazoea, "Haya, ngoja nimpe mama..."

Ile sentensi ikamkatikia mdomoni. Machozi yalinitoka pale pale, watu wakipita na mifuko yao ya sokoni, na kwa jinsi alivyokuwa akipumua nilijua yeye pia analia. Nilingoja akate. Hakukata.

"Umekula?" akauliza.

Nilikuwa sijala tangu asubuhi. Nikamwambia nimekula.