Sakafu ya Bi Zuhura

Nilikuwa bado mtoto wa kufunga nusu siku Ramadhani, mwaka Bi Zuhura alipofia chumbani mwake ghorofani, Kibokoni ya Mji wa Kale, peke yake, mlango wa chini ukiwa umefungwa kwa kufuli upande wa nje. Kila ninapoisimulia habari hii ninaanza na kufuli hilo, kwa sababu Nyanya yangu naye alianza nalo.

Bi Zuhura alikuwa jirani yetu, mjane asiye na mtoto. Nyumba yake na yetu zilitazamana, na njia iliyopita katikati ilitosha mkokoteni mmoja. Magoti yalikuwa yamemkatalia ngazi, kwa hiyo kila asubuhi aliteremsha kapu kwa kamba kutoka dirishani, nasi tukamtilia alichotaka: mahamri, mbaazi ndani ya kibakuli, siku nyingine ndimu. Kapu likipanda, sauti yake ilifuata: "Mungu awarehemu wazee wenu." Kapu lile ndilo lililotujulisha kwamba ameamka salama. Likichelewa, mtu alipanda kumtazama.

Mtu wake wa damu mjini alikuwa mmoja, Hafidh, mtoto wa kaka yake. Alifanya kazi katika ofisi moja ya bandarini, akakaa ng'ambo ya maji, Nyali. Siku moja alikuja na fundi, akatia wavu wa chuma kwenye dirisha la shangazi yake. Alisema ni kwa ajili ya wezi. Kisha akatia kufuli mlango wa chini, akasema bibi huyu ameanza kusahau, asije akatoka akapotea.

"Asiyeweza kushuka ngazi atapotelea wapi?" Nyanya alimwuliza.

Hafidh alicheka. "Bi Mwanaisha, wewe nawe."

Tangu siku hiyo kapu halikuteremka tena. Chakula alileta Hafidh, au alimleta mtu nacho akamfungulia mwenyewe. Ufunguo haukutoka mfukoni mwake.

Hapo ndipo mtaa wote ulipokosea. Kukosekana kwa kapu kulikuwa na sababu tuliyoijua, kwa hiyo hakukumshtua mtu. Watu walimwita kutoka chini, akajibu. Siku nyingine hakujibu, wakasema amelala. Harufu ilipoanza, walilaumu paka. Vijana waliokuwa wakimtafuta paka huyo mitaroni ndio waliovunja kufuli mwishowe.

Hafidh alikuwa Malindi, harusini. Ufunguo alikuwa nao.

Nyanya alikuwa mwosha maiti. Wanawake wengi wa mtaa ule walipita mikononi mwake, na hakuwa mtu wa kulia kazini. Aliingia na Bi Fatuma, rafiki yake wa tangu chuo cha Kurani, mwanamke mnene mwenye ulimi. Walimmwagia marehemu maji tu bila kumsugua, kwa sababu mwili haukuwa tena wa kusuguliwa. Walimkafini, wanaume wakamchukua, akazikwa siku ile ile. Nyanya aliporudi nyumbani alikoga, akabadili leso, akakaa barazani akiutazama mlango wa Bi Zuhura. Nilimwuliza kama ana njaa. Macho yake hayakutoka mlangoni. Sikuwa nimepata kumwona ameghadhibika, kwa hiyo sikujua kwamba ile ndiyo ghadhabu yenyewe.

Hafidh alifika kesho yake, kanzu imepigwa pasi, kofia ya viua.

"Sabalkheri, Bi Mwanaisha. Sabalkheri, Bi Fatuma."

"Alkheri," wakasema.

Aliwashukuru kwa kumsitiri shangazi yake. Alisema Mungu atawalipa. Kisha akasema kwamba khitma itasomwa pale pale nyumbani, wakubwa wake wa kazini watakuja, na mtu mmoja anayetaka kuitazama nyumba naye atakuja siku hiyo hiyo, kwani ni heri mambo yakaishia pamoja. Kwa hiyo aliwaomba kina mama wakifanyie kile chumba usafi, kama ilivyo ada.

Ada ilikuwa hivyo kweli. Nyumba ikifiwa kwetu, majirani wa kike huingia na mafagio bila kuitwa. Wafiwa hawashiki ndoo. Sijui mtaa wa Mji wa Kale ambako ada hiyo haijulikani, na Hafidh aliitegemea kama mtu anavyotegemea mvua kunyesha chini.

"Chumba hatukigusi," Nyanya akasema.

"Kwa nini, Bi?"

"Hujui? Aliyekufa akiwa na watu, sakafu yake hufutwa na majirani. Aliyekufa peke yake, sakafu yake hufutwa na mtu wa damu yake, kwa mkono wake. Akifutiwa na mtu baki, marehemu huinuka kumtafuta mwenye damu. Humwuliza swali moja tu: ulikuwa wapi?"

Hafidh alimtazama Bi Fatuma, nadhani akitafuta mtu mwenye akili.

"Ndivyo," akasema Bi Fatuma. "Marehemu mamangu aliniusia. Kuna mtu huko Kuze alidharau, akaulizwa swali hilo mpaka akahama mji."

"Mimi sijawahi kulisikia jambo hili."

"Wewe wakaa Nyali," Bi Fatuma akamwambia. "Huko wafa wakiwa na mbwa."

Mimi nilikuwa nimekaa ngazini, nywele zimesimama. Nililiamini kila neno. Usiku ule nililala katikati ya Nyanya na ukuta, nikimsikiliza Bi Zuhura asiinuke, ingawa mimi sikuwa damu yake na swali halikuwa langu.

Hafidh hakuamini, au alijifanya haamini. Aliwaendea wanawake wa nyumba ya tatu, ya nne, na wa nyuma ya msikiti. Kila mlango ulikuwa umekwisha kupata habari. Asubuhi iliyofuata alileta wanaume wawili kutoka Liwatoni, waliozoea kusugua mashua na kuosha mabeseni ya samaki. Mkubwa wao aliitwa Mutua. Alikuja na brashi mbili begani, akapiga mluzi, na harufu ilipomfikia hakuuacha mluzi wake.

"Ndugu yangu," Bi Fatuma akamwita, "wajua chumba hicho kina nini?"

"Mama, mimi nimeosha mashua iliyolala na papa juma zima. Hayo mambo yenu ya pwani mimi sina."

"Haya. Una mama wewe?"

"Ninaye. Yuko nyumbani, Machakos."

"Mungu ampe umri. Yeye akifa peke yake nyuma ya kufuli, nawe uko hapa wacheza ngoma, utamtuma mtu wa Kibokoni akamfutie?"

Mutua aliacha mluzi. Alisimama pale njiani akifikiri, na yule mwenzake akimtazama yeye. Mwishowe aliziteremsha brashi kutoka begani, akaziegemeza kwenye mlango wa Bi Zuhura.

"Bosi," akamwambia Hafidh, "brashi nitakuachia. Hii kazi ni ya mwenye nyumba."

Khitma ilikuwa kesho. Hafidh alivua kanzu.

Nimeandika habari za mahakama kwa miaka mingi, na nimewaona watu wakihukumiwa. Sijaona hukumu iliyotekelezwa kwa utaratibu kama ile. Nyanya hakumtukana. Alimpa ndoo, jivu, na kitambaa cha kujifunga puani. Alimwambia aanze na jivu, aliache linywe, kisha alikusanye kwa mkono, kwani fagio litatawanya. Alimwambia maji ya chumba kile hayamwagwi mtaroni, watoto wachezapo. Yachukuliwe mpaka ufukweni, kule chini ya Ngome ya Yesu. Ufukwe mwingine ulikuwa karibu zaidi. Aliuchagua ule kwa sababu njia yake ilipita mbele ya baraza ya wanaume wanywao kahawa, maduka ya mikufu na vinyago, na watembezaji wa wageni, na hakuna mmoja wao asiyemjua Hafidh.

Alipita na ndoo. Alirudi nayo tupu. Alipita tena. Wanaume wa kahawa walimwitikia salamu, kisha wakavitazama vikombe vyao mpaka amekwisha kupita. Mtu mmoja aliinuka kumpokea mzigo. Wazee wakamwambia, "Mwache. Ni ya damu hiyo." Tayari ilikuwa mila.

Wanawake walikaa barazani kwetu wakichambua mchele wa khitma. Tulimsikia juu akikohoa, akisugua, akitapika, akisugua tena. Mama mmoja, mgeni mtaani, akasema jamani imetosha, atakuja kuugua.

"Na augue," Nyanya akasema. Hakuinua kichwa kutoka kwenye ungo. "Yeye ana mtu wa kumtazama."

Ilipokaribia adhuhuri tulisikia chuma kikipigwa. Hafidh alikuwa ameshindwa kupumua. Alikuwa akiubomoa ule wavu wa dirisha, kwa mguu na kwa brashi ya Mutua, na alipoushinda ulianguka njiani kwa kishindo. Alitoa kichwa nje, kitambaa kimeshuka shingoni, akavuta pumzi kwa kinywa kama mtu aliyetolewa majini. Nyanya alikuwa amesimama chini yake.

"Hewa ni tamu?" akamwuliza.

Hafidh aliendelea kuhema.

"Kapu lake liko hapo ndani, kando ya dirisha. Umeliona?"

"Nimeliona," akasema. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

"Teremsha."

Alilitoa. Kamba ilikuwa bado imefungwa kwenye mkono wa kapu, na ndani mlikuwa na kitambaa cheupe cha kufunikia mahamri, kimekunjwa. Aliliteremsha taratibu, likaja likasimama mbele ya uso wa Nyanya. Nilidhani atatia kitu. Ubani, labda, au udi wa kufukizia chumba. Hakutia kitu.

"Funga kamba hapo juu," akamwambia. "Liache lining'inie mpaka khitma iishe."

Na lilining'inia. Kila aliyekuja kusoma aliinamisha kichwa kupita chini yake, wakubwa wa kazini na yule aliyetaka kuitazama nyumba. Kila mmoja aliuliza kapu hili ni la nini, na Bi Fatuma, ambaye hakuwa na shughuli nyingine siku ile, alimweleza kila mmoja. Yule aliyetaka nyumba hakumaliza chai yake. Hafidh alikaa kwenye mkeka katikati ya wasomaji, mikono ameificha ndani ya mikono ya kanzu. Nyumba ilikaa tupu miaka mingi. Yeye mwenyewe hakupita tena Kibokoni, na watu walisema wamemwona akinawa katika hoteli, akinawa, chakula kikipoa.

Jioni ile nilimwuliza Nyanya, "Sasa kwa kuwa amefuta mwenyewe, Bi Zuhura hatamwandama?"

"Hatamwandama."

"Basi amepona?"

"Mikono yake itamwandama," akasema, akanituma chumvi.

Kazi ya gazeti ilinifundisha kuuliza habari imetoka wapi. Nilipokuwa mtu mzima niliwauliza wazee wa Kuze, wa Mji wa Kale, na mashehe wawili. Hakuna aliyeijua mila ile ila kwa kumsikia mtu wa Kibokoni. Mashehe walisema haina asili. Mwaka wa mwisho wa uhai wa Nyanya nilimwuliza mwenyewe. Alikuwa amelala kitandani kwetu, na hatukumwacha hata saa moja bila mtu.

"Nyanya, ile habari ya sakafu uliipata wapi?"

"Niliipata pale pale," akasema. "Alipokuwa akitwambia tusafishe, alikuwa akiuchezea ufunguo mfukoni. Nikausikia."

Alinitazama aone kama nitamsuta. Kisha akaongeza, "Serikali ingemfanya nini? Kwa kosa gani? La kwenda harusini?"

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Kisasi chake hakikumgusa mtu kwa fimbo wala kwa uongo dhidi yake, kwani yote aliyosemwa Hafidh aliyatenda. Uongo ulikuwa mmoja tu, wa mila. Lakini mila ina sumu yake: haiulizi sababu. Itamwinamisha aliyefunga kufuli, na siku moja itamwinamisha mtu aliyekosa nauli tu. Hilo nalijua, na nimejaribu kulitilia uzito unaostahili.

Mwaka huu mzee mmoja aliyekuwa mtu wa reli, mtu wa bara, alifia peke yake karibu na ninapokaa, Buxton. Alipatikana kwa harufu, kama Bi Zuhura. Mwanawe alifika baada ya maziko kupangwa, akasimama nje ya mlango na simu mkononi, akiulizia kampuni ya kusafisha. Jirani yangu, mama wa Kitaita ambaye hajapata kukanyaga Kibokoni, akamwambia pwani hapa hatufanyi hivyo. Tangu jadi, akasema, aliyekufa peke yake sakafu yake hufutwa na damu yake.

Yule mwana alinigeukia mimi, kwa sababu ya buibui langu na matamshi yangu.

"Dada, wewe ni mtu wa hapa. Hiyo ni kweli?"

Nilimwomba anipe muda kidogo. Niliwauliza watu wawili, mbali mbali, kama nilivyofundishwa. Wote walisema mzee alikuwa akimpigia simu mwanawe kila Jumapili, akiweka kiti nje ili apate mtandao, na kwamba simu ile iliita mpaka ikakatika. Mwana anakaa Changamwe, mwendo wa saa moja kwa miguu.

Nilirudi alipokuwa amesimama.

"Ni kweli," nikamwambia. "Anza na jivu."

Nikaenda kumletea ndoo.