Siku Tuliyoitoa Kadi ya Nyangi

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua, mwanangu, mwanaume mmoja aliingia kwenye chumba chetu cha kadi akiwa ameloa mpaka maji yanamchuruzika sakafuni, akavua kofia, akasema amekuja kumchukua mtoto wake. Nikamwelekeza wodi ya watoto, upande wa pili wa uwanja. Akatikisa kichwa. Mtoto alikuwa ameshazikwa kwao Nyamuswa. Alichokifuata ni kadi yake.

Wewe ndiye uliyenikumbusha siku hiyo. Jumapili ulipokuja hapa Butiama ulifungua kompyuta yako juu ya meza yangu, kando ya sahani ya viazi, ukanionyesha huo mnaouita mti wa B, namna ya kupanga majina ndani ya kompyuta ili yapatikane upesi. Ukasema kuingiza jina jipya kwenye mti umeelewa vizuri, ila kuliondoa kunakuchanganya, na kwenye mtihani hilo swali utaliruka. Nilicheka. Nawe ukacheka, ukadhani mama mkubwa anacheka tu kama wanavyocheka wazee wasiojua kitu.

Kumbe nilikuwa nawaza kile chumba cha mama yako pale Kamunyonge, Musoma. Tangu tumzike mdogo wangu umekipiga kufuli, hutaki hata kanga yake moja iguswe. Wewe wiki nzima uko chuoni Mwanza. Mdogo wako Neema, maskini, amebaki na nyumba yenye mlango usiofunguliwa. Usiku analala kwa jirani, asubuhi anarudi kufagia. Nilipomwuliza anakula nini aliniambia anakulaga tu. Hilo neno “tu” halijaniacha nilale.

Basi kaa nikuambie habari za kadi, maana mti wako mimi niliufanyia kazi kabla hujazaliwa.

Nilikuwa msichana, nimemaliza kidato cha nne, nikapata kibarua hospitalini Musoma, kwenye chumba cha kadi za wagonjwa. Ilikuwa miaka ile foleni za sabuni zimeanza kusahaulika. Madukani redio zimerudi, mashati yamerudi, ila mfukoni hamna kitu, na hospitali nayo imeanza kumwambia mgonjwa achangie. Mkubwa wetu alikuwa Mama Perpetua, mtu wa hapa hapa Butiama, mpole wa sauti lakini akikutazama unajirekebisha mwenyewe. Katika miaka ya shida, makabati yalipokosekana kabisa, alimpelekea fundi bati makopo ya mafuta ya kula, akamtengenezea masanduku yenye vifuniko. Humo ndimo kadi zilimokaa, zimesimama kwa mpangilio wa majina.

Sanduku moja lilikaa peke yake rafu ya juu. Tuliliitaga sanduku mama. Lilikuwa na kadi chache, na baina ya kila kadi na jirani yake kulikuwa na sanduku lake rafu ya chini. Akija mgonjwa unaanza juu, unaona jina lake linaangukia kati ya kadi ipi na ipi, unashuka moja kwa moja kwenye sanduku hilo. Hupekui hospitali nzima mama wa watu akiwa na uchungu wa kujifungua hapo dirishani.

Kuingiza kulikuwa rahisi, na mimi nilikuwa hodari wake, nisikudanganye. Kadi mpya unaishusha mahali pake. Sanduku likijaa mpaka kadi zinabanana, unachukua jipya, unagawa: nusu zinabaki, nusu zinahamia, na ile kadi iliyokutwa katikati unaipandisha kwenye sanduku mama isimame kati ya hayo mawili. Kupanda huko hakukuwa cheo. Ni kwamba siku ya kugawa ilikutwa hapo katikati, basi.

Ndivyo kadi ya Nyangi ilivyopanda. Mtoto wa Nyamuswa, alishawahi kulazwa kwa kifua, na kadi yake ikawa njia panda ya watu wengine. Kila siku macho yangu yalipita juu ya jina hilo nikitafuta majina ya wengine. Nilimzoea bila kumjua.

Sasa yule baba alipotaja jina, nililijua papo hapo. Nikamwambia kadi hiyo haitoki. Nikamweleza kwa upole, nilidhani ni upole, kwamba ikitoka hatutajua tena majina ya kulia yako wapi na ya kushoto yako wapi, wagonjwa watapotea. Yeye akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniambia kwamba yeye alikuwa Buhemba, kwenye mashimo ya dhahabu, mtoto alipougua mara ya mwisho. Habari zilimfikia akiwa chini ya ardhi. Amefika nyumbani, amekuta udongo umeshaanza kuota majani. Picha hawakuwahi kumpiga. Lakini mke wake alimsimulia kwamba siku ile walipolazwa, nesi alimpa mtoto kalamu ashike aache kulia, naye akachora mkwaruzo kwenye pembe ya kadi. Huo mkwaruzo ndio alioufuata, kwa lori, kwenye mvua.

Nikaitazama kadi. Kweli, pembeni palikuwa na wino umejikunjakunja. Miezi yote hiyo nilidhani ni uchafu.

Mama Perpetua alikuwa nyuma yangu, amesikia yote. Hakunipigia kelele. Alisogea karibu, akaniambia kwa sauti ya chini, “Kwa hiyo huyu mtoto abaki hapa kwa sababu sisi tunaogopa kupotea njia?”

Nikasema sijui namna ya kuitoa, najua kuingiza tu.

“Najua,” akasema. “Kuingiza kila mtu anapenda. Njoo, tumtoe vizuri.”

Mwanangu, pale ndipo nilipojifunza hilo swali unalotaka kuliruka. Alimpa yule baba kiti, akamwomba atusubiri, kisha akaitoa kadi ya Nyangi kwa mikono miwili. Hakuacha nafasi ile wazi. Alishuka kwenye sanduku la kushoto, akachukua kadi ya mwisho kabisa, iliyokuwa karibu na Nyangi kuliko zote. Ilikuwa ya bibi mmoja wa Bunda, Nyamisi, mzima wa afya isipokuwa miguu. Akampandisha, akamsimamisha mahali pa Nyangi, akamwambia, “Wewe kaa hapa kwanza.”

Baba Nyangi akasimama. Alikuwa ameelewa kabla yangu. Kwetu, matanga yakiisha, wazee hawaruhusu kiti cha marehemu kibaki kitupu mbele za watu. Wanamshika mkono aliye karibu naye kuliko wote, wanamkalisha hapo. Si kwamba amekuwa yule aliyekwenda. Ni ili watoto wakiingia waone kuna mtu, wajue nyumba bado ina upande wa kulia na wa kushoto. Yule baba alikuwa hajakalishwa popote, hajakaa matanga ya mwanawe, na hapa anaona mwanawe anatendewa desturi hiyo kwenye masanduku ya bati. Alilia, mwanangu. Alilia wazi, bila kujificha, na mimi nikalia nikijifanya naweka sawa kadi.

Kazi ilikuwa haijaisha. Mama Perpetua alikuwa amepiga mstari mwekundu ndani ya kila sanduku, pale penye nusu. Kadi zikipungua chini ya hapo zinaangukiana, zinajikunja, unyevu wa ziwa unaziharibu. Sanduku la kushoto, baada ya kumtoa Nyamisi, lilikuwa limeshuka chini ya mstari. Kwanza anaangaliwa jirani: akiwa nazo za kutosha anatoa moja, inapita juu kwa sanduku mama, na ya juu inashuka kumsaidia aliyepungukiwa. Hatuchukui moja kwa moja, tunapitia kwa mkubwa ili mpangilio usiharibike. Tukaangalia jirani wa huku, yuko kwenye mstari kabisa. Jirani wa kule, naye hivyo hivyo. Yeyote tutakayemgusa tutamwangusha.

Nikauliza sasa tunafanyaje. Akasema, “Tunawaunganisha. Hakuna anayeachwa peke yake chini ya mstari.”

Tukachukua yale masanduku mawili yaliyokuwa kushoto na kulia kwa Nyangi, tukayafanya moja, na bibi Nyamisi tukamshusha akakaa katikati yao. Maskini bibi wa watu, hakukaa juu hata muda wa kunywa chai. Lakini bila yeye kushika pale kwa muda ule, mimi ningeshachanganya kushoto na kulia. Sanduku jipya halikujaa kupita kiasi. Nilijaribu kutafuta majina kadhaa, yote nikayaona. Hakuna mgonjwa aliyepotea.

Likabaki sanduku moja tupu, na kifuniko chake. Mama Perpetua akalifuta kwa upindo wa kanga, akaweka kadi ya Nyangi ndani, akafunika, akampa yule baba. Mvua ilikuwa bado inapiga. Akaondoka amelikumbatia kifuani chini ya shati lililoloa, na sijamwona tena.

Sasa nisikilize. Siku zote tangu msiba umekuwa ukinipa sababu ile ile niliyompa yule baba: ukiondoa kitu cha mama yako, kila kitu kitapotea. Naelewa. Yeye ndiye alikuwa kadi ya juu. Kwake ndiko mlikojulia nani aende wapi, nani ale nini. Lakini kumfungia chumbani si kumtunza. Ni kumwacha Neema atafute njia kwenye pengo. Mama yako mnaweza kumtoa vizuri, kwa mikono miwili, taratibu, na mkaondoka na mkwaruzo wake kifuani maisha yenu yote. Sikwambii umsahau. Mimi nilimbeba mgongoni kabla hata hajajua kutembea. Namlilia kila ninapowasha moto.

Ninyi wawili mko chini ya mstari mwekundu, mwanangu. Na mimi hapa, tangu baba yenu mkubwa atangulie, niko chini yake pia, ingawa nina mbuzi na redio na najifanya sina shida. Hakuna kati yetu mwenye cha kumkopesha mwenzake akabaki salama. Basi inabaki ile njia nyingine, ya kuunganisha.

Sitawaambia mje huku. Shule ya Neema iko Musoma, na mji wenu uko pale. Sanduku litakalobaki tupu ni langu. Mbuzi nimeshawapatia mtu wa kuwatunza, na shamba jirani atalilima. Jumamosi nakuja Kamunyonge na godoro langu. Fungua kile chumba kabla sijafika, mfungue wewe na Neema, mkae humo kidogo wenyewe. Kanga anayoitaka achague yeye kwanza. Siji kuwa mama yako. Nakuja kukaa hapo kwanza, ili mkiingia mkute mtu.

Na lile swali la mtihani usiliruke. Lijibu, maana sasa unalijua.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kupokea na mkono mtaratibu wa kuachia. Akuzungushie watu wa kutosha, wasikubane, wasikupungukie. Na Neema akirudi kutoka shule, leo na kesho na siku zote, akute kuna aliyempikia.