Mama Vipimo Asimama Msibani

Wanakwaya walimwita Mama Vipimo, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kusoma mitambo ya kupimia matetemeko ya ardhi. Miaka kumi na tisa alishinda kwenye chumba cha chini chenye baridi, macho kwenye mistari ya kompyuta, na kila Jumapili akaongoza sauti ya pili kanisani. Hakuwahi kuona kwamba mambo hayo mawili yana ugomvi. Ugomvi aliletewa.

Tetemeko lilipopiga, ukuta wa ghorofa kwenye mtaa wa mafundi cherehani uliwaangukia watu saba. Mmoja wao alikuwa mdogo wake wa mwisho. Siku ya mazishi mchungaji akapanda mimbarini, majeneza yote saba mbele yake.

"Mtaa ule una baa nne," alisema, "na kanisa hata moja hakuna. Mungu si kipofu, ndugu zangu."

Mama Vipimo akasimama katikati ya kwaya.

"Mchungaji, ufa wa ardhini unapita pale, na unapita chini ya kanisa hili pia. Ukuta umeanguka kwa sababu umejengwa kwa mchanga mtupu. Mdogo wangu alikuwa anashona sare za shule. Alimkosea nani?"

"Kaa chini, mama. Na huo ufa uliwekwa na nani?"

"Na simenti je, iliibwa na nani? Hiyo nayo tumsingizie Mungu?"

Watu wakaguna. Dada yake mkubwa akamvuta gauni, lakini hakukaa. Wiki haikuisha kabla ya barua kufika: kwaya basi, mpaka atubu mbele ya watu. Dada akamaliza kabisa: "Umetuaibisha msibani. Kwangu usikanyage."

Kazini nako habari zilishafika. Mkuu wa kituo alikuwa amebandika katuni ukutani: mchungaji ameukalia ufa, anauziba kwa Biblia. Wenzake walikuwa wakicheka mpaka machozi.

"Karibu kwetu," mkuu alisema. "Hatimaye umezinduka!"

Mama Vipimo aliibandua ile karatasi, akaichana vipande vipande.

"Sijaja kwenu. Nimezika juzi tu, na ninyi mnachekelea."

"Basi chagua. Huwezi kuwa huku na huku. Mtu mwenye akili zake hasali."

"Wewe na mchungaji mngewekwa nyumba moja mngepatana sana," alimjibu, akashuka zake chini kwenye mitambo.

Tangu siku ile alikula chakula chake cha mchana peke yake. Jumapili ilipofika akavaa gauni lake jeusi. Mumewe alimtazama kutoka kitandani.

"Unakwenda kwa nani sasa, mke wangu? Hawakutaki wale."

"Kwani ni kwao?" alisema, akatoka.

Akakaa benchi la mwisho. Waliokuwa wamekaa pale wakasogea, wakamwachia benchi zima.