Sinema ya kale ya Baba ilivyomzuia mdogo wangu kupanda gari la "Bosi"

Wakuu, salamu kwenu. Kisa hiki sikusimuliwa, ni changu mwenyewe, na mpaka leo nikikikumbuka moyo unanienda mbio.

Nilikuwa nafanya kazi za nyumbani Saudia, Jeddah, mtaa wa Al-Safa. Mdogo wangu Kadzo alikuwa Riyadh, Al-Suwaidi, kazi hiyo hiyo. Wazazi walitutoka mapema, nikaacha shule nikawalea wadogo zangu. Kadzo ni kama mwanangu.

Mzee wa nyumba niliyofanyia kazi, tuliyemwita Baba, alipenda sinema za kale, zile nyeusi na nyeupe za mwanzo mwanzo, sinema zilipoanza kuwa na sauti. Alasiri moja nampelekea kahawa, akaniambia kaa uone.

Wakuu, sinema ile!

Kuna jambazi mkuu anaongoza genge zima akiwa nyuma ya pazia. Wanaisikia sauti tu, wanatetemeka, wanatii. Pazia linakuja kufunguliwa... kuna spika. Basi.

Baba alicheka mpaka kahawa ikamwagika. "Mafi nafar!" Yaani hakuna mtu.

(Lugha ya sinema sikuelewa hata neno. Hapo nilielewa.)

Wiki hiyo hiyo Kadzo akanipigia, furaha tele. Kuna Bosi kampatia kazi ya saluni huku Jeddah. Amtoroke kafili wake, yule mwajiri aliyemleta, Ijumaa baada ya sala, gari litamngoja kwenye kona.

Mnajua ukitoroka ikama yako, kibali cha kuishi kule, imekufa. Na ukipotea, nani atakutafuta?

Nikamuuliza kama amemwona huyo Bosi. Hajamwona. Kuna mwenzake aliyemwona? Hakuna. Anatuma voice note tu.

Akanitumia moja. Sauti nzito, tamu: "Dada yangu usiogope, mimi niko hapa." Kisha anakohoa, na jogoo anawika.

Nikamwambia amwombe ataje jina lake.

"Dada, umezoea kutuamulia kila kitu."

"Mwombe tu."

Jibu likaja. Dada yangu usiogope, mimi niko hapa. Kikohozi. Jogoo.

Akauliza kama saluni ina AC. Dada yangu usiogope. Kikohozi. Jogoo.

Nikamsimulia sinema ya Baba, lile pazia na ile spika.

"Mafi nafar, Kadzo," nikamwambia.

Ijumaa gari lilikuja kweli. Alilichungulia dirishani, pasi ya nguo mkononi. Likapiga honi weee, likaondoka.

Jioni nikapokea voice note ya Kadzo. Akakohoa, kisha akawika.

Nililia na kucheka pamoja.

Nilichojifunza: anayekuita utoke getini, yeye kwanza atoke nyuma ya pazia.

Nani mwingine aliitwa na sauti kama hii? Na anayeijua sinema ile aniambie jina, Kadzo anadai aione.