Ngozi ya Masanduku ya Baba

Nilichomoa waya. Mashine ya msasa ikanyamaza mikononi mwa kaka yangu, na vumbi lililokuwa hewani likashuka polepole ndani ya uji wa mwanangu. Tangu asubuhi nilikuwa nikimwomba aache. Nilimwomba kwa adabu, nikimwita yaya, maana sisi Wakongo ndivyo tunavyomwita ndugu aliyetutangulia kuzaliwa. Nilipoona ubavu wa lile sanduku la spika alilokuwa akilisugua umechubuka wote, adabu ikaniishia.

"Una wazimu?" akafoka.

"Mwenye wazimu ni nani hapa, mimi au mwenye mashine?"

"Rudisha umeme! Baa ya Kansanga wanazitaka Ijumaa, zote mbili, nyeusi."

"Nyeusi! Kazi ya baba unaipaka rangi ya masizi?"

"Ni zangu. Ukoo ulinipa mimi. Au umesahau?"

Sijasahau. Hebu kaa nikueleze, rafiki yangu, usije ukaniona mama mkorofi tu wa Namuwongo, hapa Kampala.

Nilipokuwa mtoto, baraza hiihii karibu na reli ndiyo ilikuwa karakana ya baba. Watu walimletea spika kuukuu za masanduku ya mbao: za kwaya, za kumbi za harusi, za wazee wa Bugolobi waliokataa kutupa vitu vyao. Zilifika zimekwaruzwa, zimenyeshewa, zina miviringo ya glasi za pombe juu yake. Baba alifungua spika zenyewe, akazisukumia chini ya kitanda, halafu sanduku tupu likalazwa juu ya gunia kama mgonjwa. Mengi hayakuwa mbao tupu. Ndani yalikuwa chembechembe za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, na juu yake umebandikwa ubao mzuri, mwembamba kama karatasi. Huo baba aliuita ngozi. "Mkiitoboa ngozi msiniite," alizoea kusema. "Mimi si daktari."

Kazi yangu ilikuwa kusugua. Nilizungushia msasa kipande cha ndala kuukuu, nikasugua kufuata mistari ya mbao, kamwe si kuikata. Mama alikuwa uani akitwanga sombe, yaani kisamvu, na mkono wangu ulijikuta ukienda na mchi wake. Mpaka leo nikisikia harufu ya majani ya muhogo yakichemka na mawese, puani naisikia na gundi ya moto.

Nilipodhani nimemaliza, baba alivaa mkononi soksi ndefu nyembamba, ile ya mama ya kwendea kanisani iliyokwisha kuchanika, akaipitisha taratibu juu ya mbao. Ikinasa mahali, narudia. Isiponasa, alinitazama tu, akaguna. Mguno ule ulinishibisha kuliko ugali.

Halafu nilifukuzwa. Vanishi ilikuwa ya kaka, kwa sababu ni mkubwa na ni mwanaume, basi. Walisubiri treni ipite kwanza, maana ilitimua vumbi, mama akamwagia baraza maji, na kaka akatokea ameshanawa mikono kama padri. Akachovya kitambaa, akapaka, na ile mistari niliyoihangaikia siku kucha ikaamka, nyekundu, inameremeta. Wenye spika wakija walimpigapiga begani: "Kijana ana mkono huyu!" Mimi nilikuwa pembeni, nywele nyeupe kwa unga wa mbao. Jirani yetu Mnubi, mama mmoja mcheshi, alikuwa akinitania, "Wee bibi kizee, umekuja lini?" Wote wakacheka. Nilimwonea kaka wivu. Bado namwonea, nisikudanganye.

Masanduku haya mawili yalikuwa ya mwisho, na yalikuwa yetu wenyewe. Macho ya baba yalikuwa yamefifia, na kaka alikuwa ameshahamia kwenye kuuza simu, hana muda. Nilisugua mimi. Na vanishi, kwa mara ya kwanza, nilipaka mimi. Baba alipapasa kwa kiganja, akaguna.

Alipokufa, ukoo ulikaa kikao. Shangazi akasema spika ni vitu vya mwanaume. Mimi nikapewa masufuria.

Siku hizi hakuna anayeleta sanduku la mbao kwenye baraza hii. Spika ni za plastiki, zina taa za kukonyeza, zikifa zinatupwa. Mama hatwangi tena. Sombe tunanunua sokoni ikiwa imeshasagwa. Na hicho kidogo kilichosalia, kaka mwenye mkono wake mzuri anakichuna kwa mashine.

Nikambeba mwanangu mgongoni, nikaenda kwa mwenyekiti wa LC, yaani serikali ya mtaa wetu.

"Kaa, nnyabo. Shida ni vumbi au ni kelele?" akauliza, akiniita bibi kwa Kiganda; mashine ilikuwa imesikika mpaka ofisini kwake tangu asubuhi.

"Ni wivu, ssebo," nikamjibu, yaani bwana.

Akacheka, akaweka kalamu chini. "Wivu hauna kesi hapa. Tuandike vumbi."

"Nipe hiyo kalamu niandike mwenyewe. Nimesoma."

Akanipa. Nikaandika hivi:

"Mimi, mkazi wa mtaa huu, namlalamikia kaka yangu wa tumbo moja. Ameharibu kwa mashine sanduku moja la spika aliloacha marehemu baba yetu, na sasa analiendea la pili. Ukoo ulimpa yeye kwa kuwa ni mwanaume. Nilinyamaza siku ile, leo nakataa. Vumbi limeingia kwenye chakula cha mtoto, hilo ni kweli, lakini silo lililonileta. Naona wivu, kwa sababu kazi ni yangu na sifa alipewa yeye. Naomba sanduku la pili lisiguswe kwa mashine wala kwa rangi mpaka ofisi itusikilize sote wawili. Tukishasikilizwa, naomba nipewe mimi. Mwenye shaka ni nani aliyelifanyia kazi, atupe msasa wa mkono mimi na kaka, na kipande cha mbao kila mmoja, hapahapa ofisini, mbele ya mwenyekiti."