Kiko Kinachogoma Kidogo

Mawifi hatuna kawaida ya kusifiana bure. Kwa hiyo nikisema mke wa kaka yangu anatengeneza viko kuliko mtu yeyote kati ya Musoma na Bunda, niaminini. Anaitwa Jenoveva. Tunaishi ua mmoja hapa Iringo, mjini Musoma, na kila asubuhi namsikia akipuliza mirija ya miti kabla hajapuliza hata moto wa chai. Miaka ya mwanzo nilikasirika. Siku hizi nisipousikia ule mlio nadhani anaumwa.

Kiko chake kina sehemu mbili: kichwa cha udongo kinachobeba tumbaku, na mrija wa mti unaoingia mdomoni. Kichwa mtu yeyote mwenye mikono atakifinyanga. Kazi iko kwenye tundu la mrija, ambalo hulitoboa kwa spoki ya baiskeli iliyochomwa ikawa nyekundu. Tundu likiwa pana, hewa inakimbia, tumbaku inawaka kama jiko la mkaa lililowekwa kwenye upepo, na moshi unafika mdomoni ukiwa moto. Likiwa jembamba, mashavu yanaingia ndani mpaka mvutaji anaonekana hajala wiki nzima, na bado kaa linazimika. Ndiyo maana kila kiko hukivuta kwanza kikiwa kitupu, amefumba macho.

"Kinatakiwa kinigomee kidogo," huniambia, "kama mtoto unayemnyang'anya kiazi. Anagoma, halafu anaachia."

Siku ya gulio Bunda wazee humfuata wenyewe, maana kizuri chajiuza. Wageni wanaozuru makumbusho ya Mwitongo, kule Butiama kijijini kwao Jenoveva, nao hununua. Ila mgeni akisema anataka kukitundika ukutani, Jenoveva hukirudisha kwenye kapu bila hata kuaga, na mimi humuunga mkono.

Mtu mmoja tu hakuwahi kutia kiko cha Jenoveva mdomoni: baba yake mzazi, Mzee Werema. Ufundi huo ni wa ukoo wao, na mzee aliwafundisha wanawe wa kiume, Abednego na Ephraim. Leo mmoja anaendesha bodaboda na mwingine hata hatujui anaendesha nini. Jenoveva alijifunza kwa kuchungulia. "Udongo ni wa wanawake, pumzi ya kiko ni ya wanaume," mzee alikuwa akisema, huku anavuta kiko alichoachiwa na marehemu baba yake. Neno hilo lilimuuma wifi yangu, na mimi likaniuma kwa niaba yake. Alitaka jambo moja tu, baba yake avute kazi ya mikono yake akiri kwamba ni nzuri.

Mwaka jana ndama alikikanyaga kile kiko cha urithi kikavunjika. Wakati huohuo wakwe walikuwa wanakuja kutoka Suguti kumposa Miriamu, binti wa Abednego. Nyumbani kwa Mzee Werema mazungumzo ya posa hayaanzi mpaka mwenye mji avute kiko mbele ya wageni, kisha ampe mkubwa wao. Mzee akapiga simu. Hakusema, "Leta kiko chako." Alisema, "Leta kimoja."

Jenoveva alicheka, kisha akalia, kisha akaingia kazini. Lakini akakumbuka kifua cha baba yake kinavyokoroma siku hizi, huruma ikamshika. Akapanua tundu ili mzee asipate taabu ya kuvuta. Wala hakukijaribu. Kwao binti hatii mdomo kwenye kiko cha baba yake, hata kama ni kipya. Kwa mara ya kwanza akaweka kwenye kapu kiko asichokijua.

Siku yenyewe mimi nilikuwa jikoni kwao Butiama nikinyonyoa kuku, mahali ninapoona uani vizuri. Mzee akashindilia tumbaku, akaweka kaa, akavuta. Tumbaku ikawaka ghafla. Akakitoa mdomoni, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Kinaning'ata hiki!" akasema. "Si nilisemaga mimi? Nilisemaga!"

Wageni wakatazama chini. Mkubwa wao, Mzee Baltazari, akauliza kwa upole kama ingefaa warudi siku nyingine. Nilipoona wifi yangu ameinamisha kichwa mbele za watu, hasira zikanipanda, nikamnyonyoa yule kuku kama ndiye aliyesema.

Jenoveva akaja jikoni. Akachukua unyoya mkubwa wa bawa, akalikata shina lake pande zote mbili likabaki bomba dogo lenye uwazi. Akarudi, akapiga magoti mbele ya baba yake.

"Baba, nipe."

Akampa. Jenoveva akalisukuma lile shina ndani ya tundu, upande wa mdomoni, ili hewa ipungue.

"Sitajua kama kimekaa sawa mpaka nivute," akasema. "Kosa langu ni kutovuta kule nyumbani. Nitavuta hapa."

"Hapa? Mbele ya wakwe?"

"Hapa, baba."

Jenoveva akafumba macho, akavuta. Akalitoa shina, akalipunguza urefu kidogo, akalirudisha, akavuta tena. Kaa likang'aa polepole, na moshi ukatoka puani mwake ukiwa mwembamba na mtulivu. Mama mzima, mwanakwaya, anatoa moshi mbele ya wakwe! Nilijivuna mpaka nikamwangusha kuku kwenye majivu.

Huku kwetu mtu akipokea kiko kilichotoka mdomoni mwa mwingine hukifuta kwanza, hata kama ni cha ndugu yake. Jenoveva alishika upindo wa kanga yake amfutie. Mzee Werema akamzuia mkono. Akakitia mdomoni vilevile, kikiwa na mate ya binti yake, akavuta. Hakukohoa. Akavuta tena, taratibu.

"Baba yangu alitengenezaga namna hii," akasema. Kisha akamkabidhi Mzee Baltazari kiko. "Karibu, mkwe. Fundi ni huyu binti yangu."

Akamwambia Jenoveva ainuke, akae pembeni yake mpaka posa iishe.